Metrine na Kifuniko cha Distribyuta

Mara ya tatu gari lilipozima lilikuwa kwenye mpando wa Ugunja, asubuhi moja ya mwezi wa Machi mwaka 1971, manyunyu yakiwa ndiyo kwanza yanakatika. Metrine Nakhungu aliteremka, akaubamiza mlango, akazunguka nyuma kuangalia samaki wake. Ngege walikuwa wamelazwa ndani ya vikapu, wamefunikwa kwa magunia mabichi. Walikuwa bado wazuri. Lakini alikuwa amewauza ngege karibu miaka saba, na alijua kwamba kufikia saa nane macho yao yangeanza kupauka, na wanawake wa soko la Jubilee kule Kisumu wangewabonyeza kwa kidole kimoja na kupita zao.

Mbele, dereva wake Wakoli alikuwa ameinama chini ya boneti.

"Nini tena?" Metrine akauliza.

"Inakata moto, Mama Nafula."

"Jumatatu ilikata moto. Jumanne ikakata moto. Jumatano na Alhamisi moto ulikuwa umetoka wapi?"

"Jumatano na Alhamisi kulikuwa na jua," Wakoli akasema.

Metrine aliyasikia maneno hayo kama jeuri. Alisimama kando ya barabara mikono kiunoni, viatu vyake vya mpira vimejaa tope, akimtazama mwanamume huyo akifungua kifuniko cha distribyuta, kile kikombe cheusi ambacho nyaya za plagi hutokea juu yake kama masikio, akikipangusa ndani kwa kitambaa, akikirudisha, na kukivika kipande cha tyubu kuukuu ya gurudumu. Kile kipande cha tyubu kilimuudhi zaidi. Kwa nini mtu afunike kitu kama hana la kuficha?

Baada ya saa nzima jua likatoka. Wakoli akaingia, akapiga staata, na Peugeot ikawaka vizuri kama gari lililotoka dukani jana.

Hapo ndipo moyo wa Metrine ulipochafuka. Gari bovu ni bovu, alijiambia. Hili lake lilikuwa linaugua na kupona kwa kupenda. Na kila siku lililougua, lori la Simiyu, mnunuzi mwenzake wa samaki kule Port Victoria, liliwapita likinguruma na kufika Kisumu kwanza. Njia nzima ya Yala, Luanda mpaka Maseno alitazama mbele tu. Alikaa akiyapanga mambo hayo kichwani, na kila alivyoyapanga yalimwonyesha uso wa Wakoli.

Walipofika sokoni, Simiyu alikuwa amekwisha uza na kuondoka. Metrine aliteremka, akasubiri Wakoli naye ateremke, kisha akamwambia mbele ya wanawake wote waliokuwa wamezunguka mizani:

"Leta ufunguo. Nenda umwambie Simiyu akulipe vizuri, maana kazi yake umeifanya."

Wakoli hakuelewa mara moja. Alipoelewa, aliufumbata ufunguo kiganjani.

"Mama, unaniita mwizi?"

"Sijui jina lingine."

"Ni ile kifuniko. Nilikuambia tangu Januari."

"Kifuniko nilinunua mwezi wa kumi na mbili. Kipya. Leta ufunguo."

Wakoli aliuweka ufunguo juu ya sahani ya mizani, akachukua koti lake kwenye gari, akaondoka akipitia katikati ya watu. Benta, aliyekuwa akiuza omena karibu na mizani na ambaye hakuwa na kawaida ya kuingilia mambo ya wengine, alimwita Metrine nyaminwa, dada yetu, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba huyo mtu hakuonekana kama mtu aliyekula rushwa. Metrine akamjibu auze omena zake.

Hasira haikuwa jambo geni kwake. Alizaliwa Bunyala, mahali ambapo mto Nzoia hufurika na kuchukua mashamba bila kuomba ruhusa, akaolewa na mfanyakazi wa reli, wakaja kukaa Kisumu, wakamzaa Nafula na wadogo zake. Mumewe alipofariki mwaka wa 1964, ndugu za marehemu walikuja kugawana viti, na waliposhika cherehani Metrine alisimama mlangoni na panga. Cherehani ilibaki. Aliiuza mwenyewe, akaanza kubeba samaki kwa karai, akisafiri kwa basi na kugombana na makondakta waliosema samaki wake wananuka. Miaka ilipita hivyo. Hatimaye, mwaka 1969, alinunua pikapu aina ya Peugeot 404 kutoka kwa injinia mmoja wa kiwanda cha sukari aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Kila kitu alichokuwa nacho alikipata kwa kukasirika, na kwa hiyo aliiamini hasira yake.

Wakoli ndiye aliyemfundisha kuendesha. Jumapili baada ya ibada walikuwa wakienda kwenye uwanda ule wa Nyamasaria, wakati ule pakiwa malisho ya ng'ombe tu na nyumba chache, naye Wakoli akikaa kando yake bila kupiga kelele hata alipoligonga gari kwenye kichuguu. Metrine alipata leseni, ila hakuwa akiitumia sana. Mwenye samaki hukaa upande wa abiria akiwaza bei.

Sasa ilimbidi aitumie. Wiki ile ya kwanza jua liliwaka, na gari likaenda bila shida. Kila alipopita mpando wa Ugunja alisema moyoni, "Si nilijua." Aliwaambia hata wanawake wa sokoni: mnaona, mwizi ameondoka, gari limepona.

Jumanne iliyofuata mvua ilianza kunyesha tangu alfajiri. Alipakia samaki Port Victoria akiwa ameloa, akaondoka saa tatu. Hakufika hata Bumala. Gari lilikohoa, likashtuka kama mtu aliyekwama na mwiba wa samaki kooni, likazima.

Alikaa ndani mikono imeshika usukani. Alipiga staata, injini ilizunguka bila kuwaka. Alitazama upande wa kushoto, kisha wa kulia, na kwa hakika hakujua alikuwa akimtafuta nani. Ndani ya gari alikuwa peke yake.

Aliteremka, akafungua boneti kwa shida, maana hakuwahi kuifungua. Kipande cha tyubu hakikuwapo. Alikuwa amekitupa mwenyewe siku alipomfukuza Wakoli. Kifuniko cheusi kilikuwa kimelowa, matone yanateleza kwenye nyaya. Metrine alianza kutukana. Alitukana kwa Kinyala, kisha kwa Kiswahili, akalipiga teke gurudumu mpaka kidole kikamuuma, na mtu mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alishuka, akamtazama, akaamua kuendelea na safari. Mvua ilikatika karibu na saa sita. Joto la jua lilipoanza kupandisha mvuke kwenye barabara, alijaribu tena na gari likawaka.

Hakuliondoa. Aliliacha likinguruma pale pale, naye akiwa amekaa, na maneno ya Wakoli yakamrudia yote kwa mpangilio wake. Jumatano na Alhamisi kulikuwa na jua.

Samaki wa siku ile aliwauza kwa watu wa kukaanga, kwa bei ya kutupa. Kisha akaliendesha gari moja kwa moja mpaka mtaa wa Kaloleni, kwa fundi wa umeme wa magari aliyeitwa Mzee Bakari.

Mzee Bakari alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia ya kudarizi iliyochakaa, na gereji yake ilikuwa uwanja tu wa nyumba yake, bati likiwa limeezekwa upande mmoja. Alilijua gari kabla halijasimama.

"Wakoli yuko wapi?" akauliza.

"Nimekuja mimi," Metrine akasema.

Mzee akaenda kwenye boneti. Alifungua vibanio viwili, akakitoa kifuniko na kumpa. "Geuza uangalie ndani. Kwenye mwanga, Mama. Unaona nini?"

Metrine aliona vichwa vinne vya chuma vimepangwa duara, na katikati kijiti kidogo cha makaa chenye springi. Kati ya kichwa kimoja na kingine kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele. Juu ya mstari huo palikuwa na rangi nyekundu iliyobanduka banduka.

"Hii nyekundu ni nini?"

"Rangi ya kucha ya mke wangu Kadija. Wakoli alikuja hapa Februari. Aliniambia tajiri wake anasema kifuniko ni kipya, hawezi kununua kingine, tufanye nini. Tukaziba ufa kwa rangi ya kucha. Huwa inasaidia wiki mbili, tatu. Halafu nikampa kipande cha tyubu azuie maji."

Metrine alipitisha ukucha juu ya ile nyekundu.

"Sikiliza," Mzee Bakari akaendelea, akichora kwa kidole chenye grisi. "Moto mkali, yaani umeme, unaingia hapa katikati. Hiki kinachozunguka kinaitwa rota, kinaupokea na kuugawa, plagi hii, plagi ile. Kifuniko kikiwa cha plastiki nzuri, moto unakaa kwenye njia yake. Kikiwa cha plastiki mbaya kinapata ufa. Ufa ukinyonya unyevu, moto unakimbilia mle, unaunguza, unaacha hiyo njia nyeusi. Kukikauka, gari inawaka. Kukinyesha, inazima. Na hivi vichwa ni aluminiamu, ona unga mweupe. Ukiuliza ile nzuri, vichwa ni vya shaba. Nani alinunua hii?"

"Mimi," Metrine akasema.

Aliikumbuka siku yenyewe. Desemba ile Wakoli alimwambia wazi: Mama, uliza yenye shaba ndani. Naye aliuliza. Mwuza spea alimpa boksi lenye rangi za kupendeza, akasema ni ile ile, boksi tu tofauti. Hakuifungua. Mwanamke ambaye hangeweza kununua ngege mmoja bila kumfungua mashavu alinunua kitu cha gari lake ndani ya boksi lililofungwa.

Usiku hakulala vizuri, na asubuhi alikuwa mbele ya duka la spea kabla halijafunguliwa, kifuniko kibovu kikiwa ndani ya mkoba. Lilikuwa duka moja la njia ya kwenda stesheni ya reli. Mwuzaji, kijana nadhifu aliyeitwa Shitanda, mwenye kalamu mbili mfukoni, alifika akafungua, akamsalimia, akatazama nyuma yake.

"Dereva yuko wapi, Mama?"

"Dereva ni mimi."

"Fundi wako angekuja ni rahisi zaidi. Spea si kama nyanya."

"Leta vifuniko vya Peugeot 404," Metrine akasema. "Vyote ulivyo navyo. Na rota, na pointi, na kondensa."

Shitanda alileta boksi mbili. Metrine alikuwa amesomeshwa na Mzee Bakari jioni nzima, na alikuwa ameazimia kutosahau hata neno. Alifungua boksi la kwanza. Vichwa vilikuwa vya manjano. Akachomoa pini kwenye nywele zake, akakwaruza kichwa kimoja. Chini ya umanjano kukatokea weupe.

"Mama, unaharibu mali."

"Hii imepakwa rangi. Lete nyingine."

"Zote ni sawa."

"Kama zote ni sawa," Metrine akasema, "kwa nini umeziweka kwenye rafu mbili?"

Shitanda aligeuka kutazama nyuma yake, kana kwamba rafu hizo hakuwahi kuziona. Kulikuwa na boksi za rangi pale juu, karibu na mkono. Chini kabisa, karibu na sakafu, kulikuwa na nyingine za karatasi ya kaki zisizo na picha yoyote.

"Zile ni za wateja wanaouliza," akasema hatimaye.

Watu wawili walioingia dukani walisogea karibu. Metrine alikitoa kile kifuniko kibovu, akakiweka kwenye kaunta taratibu, kana kwamba ni yai.

"Mimi niliuliza. Desemba, nikiwa nimesimama hapa hapa, nikakuambia yenye shaba. Ukaniambia ni ile ile. Kwa sababu ya neno lako nimemwita mtu mwizi mbele ya soko zima. Amenifanyia kazi miaka miwili, hajawahi kuchukua hata samaki wa mboga bila kuniambia. Sasa inama. Lete hizo za chini."

Shitanda aliinama.

Ilimchukua asubuhi karibu yote. Alikwaruza vichwa vya shaba mpaka akaridhika. Alikishika kila kifuniko, akakisikia uzito, akapitisha ukucha pembeni kutafuta mikwaruzo na mapovu kwenye plastiki. Alikibonyeza kijiti cha makaa aone kama springi inakirudisha. Rota mbili alizikataa kwa sababu mabamba yake yalicheza alipoyashika kwa vidole. Ya tatu ribiti yake, ule msumari unaoshikilia bamba, ilikuwa imekaza. Kwenye pointi, vile vichuma vya kukata na kuunga umeme, aliangalia kile kisigino kinachosuguana na mhimili, maana Mzee Bakari alimwambia kisigino laini huliwa kwa mwezi mmoja na mwanya ukajifunga. Kondensa, kile kikopo kidogo cha kuhifadhi umeme, aliuvuta waya wake, na wa ya kwanza ukachomoka. Aliiweka mbele ya Shitanda. Wale watu wawili hawakuondoka. Mmoja wao, aliyekuja kununua plagi tu, aliomba naye aonyeshwe za chini.

"Hii mbovu unairudisha?" Shitanda akauliza, akikionyesha kile kifuniko cha zamani.

"Hapana. Nina mtu wa kumwonyesha."

Mzee Bakari alivifunga vitu hivyo alasiri ile ile. Alimfundisha kupaka grisi kidogo kwenye mhimili, tone tu, kwa sababu ikizidi inarukia pointi, na alimwonyesha jinsi ya kupima mwanya kwa kipande chembamba cha chuma. Kadija alileta chai. Alimtazama Metrine akiwa na mikono myeusi hadi viwiko, akacheka kidogo, kisha akaona uso wake, akaacha.

Siku mbili baadaye, mvua ikinyesha tena, Metrine alifika Port Victoria mapema. Alimkuta Wakoli ufuoni, akipakia vikapu kwenye lori la Simiyu. Ndiyo, alikuwa ameajiriwa na Simiyu. Ni nani mwingine angemchukua dereva aliyefukuzwa mbele ya watu? Metrine mwenyewe ndiye aliyemtuma huko.

Alikuwa ameamua kwamba alilosema mbele ya watu atalifuta mbele ya watu. Akaenda mpaka katikati ya wavuvi na wanawake wa vikapu, akakinyanyua kifuniko.

"Wakoli. Ilikuwa hii. Ulisema kweli, mimi nikakutukana. Nataka wote hawa wasikie. Nisamehe."

Wakoli alishusha kikapu. Alikichukua kifuniko, akakigeuza, akaiona rangi nyekundu.

"Nimekusikia, Mama Nafula. Asante."

"Basi njoo. Gari sasa ni nzima, nimeweka ya shaba. Kesho uendeshe wewe."

"Hapana, Mama."

"Kwa nini hapana? Si nimeomba msamaha?"

"Umeomba, na mimi nimekubali," Wakoli akasema bila kupandisha sauti. "Lakini siku ile nilirudi nyumbani kwa miguu mpaka Manyatta. Mke wangu alikuwa amekwisha sikia sokoni. Aliniuliza kama ni kweli. Mke wangu, Mama. Alikuwa anauliza kwa sababu wewe ndiye uliyesema, na watu wanajua wewe husemi uongo. Siwezi kukaa tena kwenye ile kiti."

Alimrudishia kifuniko, akainua kikapu, akaendelea na kazi.

Metrine alipakia samaki wake. Mwanamke aliyekuwa akimsaidia alifunga magunia vibaya mara mbili kwa kumwogopa. Mtu anakuja mbele ya ufuo mzima, anajishusha, na bado anakataliwa. Alimkasirikia Wakoli kwa kuwa na kiburi, akamkasirikia Simiyu kwa kumpokea, akamkasirikia Shitanda na kalamu zake mbili. Kila mmoja wao hasira ilimshika kwa kitambo kidogo tu, kisha ikamwachia, kwa sababu hakuna aliyetosha kulaumiwa. Mvua ilimpiga njia nzima mpaka Luanda. Gari halikukohoa hata mara moja. Lingekohoa, angalau angepata sababu ya kulipiga teke.

Peugeot ile alikaa nayo mpaka mwaka 1977. Aliiendesha mwenyewe miaka miwili, halafu akamwajiri Wepukhulu, mzee mbishi kutoka upande wa Sio. Waligombana karibu kila safari. Lakini Wepukhulu aliposema kuna kitu gurudumuni au kwenye breki, Metrine alikuwa akiteremka kwanza kwenda kuangalia, kisha ndipo anagomba. Wanawake wengine walioanza kununua magari walimpelekea boksi zao za spea azifungue, naye aliwafokea kwa kununua kitu ambacho hawakukiona, huku pini ikiwa tayari mkononi.

Na Wakoli alibaki kwenye lori la Simiyu. Walipokutana ufuoni alimsalimia kwa heshima, akauliza habari za Nafula na wadogo zake, naye Metrine akaitikia, akauliza za nyumbani kwake. Wakati mwingine Metrine alibaki amesimama kidogo baada ya salamu, kama mtu mwenye neno. Wakoli alikuwa akimsubiri aliseme. Kisha kila mmoja akaenda kwenye vikapu vyake.